Re: Kukataa kamati ya harusi ni kuwakosea wazee?

Mdogo wangu, umeuliza kama kufunga ndoa bomani bila kamati ya kuchangisha, bila sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi), ni kuvunja mila. Swali langu: mila ya nani? Bibi yangu aliolewa bila kadi ya mchango ya "single" (mtu mmoja) wala "double" (wawili), bila MC, bila ukumbi wa Sinza, Dar. Palikuwa na mshenga, wazee wa pande mbili, na pilau. Haya ya vikao kila Jumapili baa na grupu la WhatsApp la kukumbushana ahadi za michango ni ya juzi tu, ila yameshavaa kanzu ya mababu.

Kisheria huna tatizo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka mtoe notisi siku 21 kabla, na kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu mila za mahari hazikufuatwa.

Lakini mahari usiichanganye na michango. Mimi nilileta ujuaji kwa baba mkwe, nikajenga hoja kama niko mahakamani. Miaka minne hatukusalimiana vizuri. Siku nilipomuuliza ile blanketi ya bibi kwenye mahari ina maana gani, aliongea mpaka usiku. Kumbe alitaka kuulizwa, si kubishiwa.

Mtumeni mshenga, kaeni na wazee, toeni mahari mnayoiweza. Kamati kataa. Na jiandae, shangazi atanuna (wa kwangu bado).