Utarajali wa saikolojia ya watoto: nichague kituo gani?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mie ni mzaliwa wa Wete, nasoma shahada ya uzamivu ya saikolojia tiba Marekani, na mwakani natakiwa kuingia utarajali, yaani mwaka wa mafunzo ya kazini chini ya msimamizi. Nia yangu ni watoto, hasa wanaolazwa na wenye maradhi ya kudumu, na nikimaliza nataka kurudi nyumbani. Je, mwaka huo naweza kuufanya Mnazi Mmoja au Pemba? Kama haiwezekani, nichague vipi kituo? Wenzangu wote wanakimbilia hospitali zenye jina. Na huu mfumo wa kompyuta wa kutugawa vituoni unanitia wasiwasi.

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. La kwanza jibu lake ni fupi: usiufanye hapa. Utarajali unaotambulika kwa shahada yako hupewa ithibati na tume ya Chama cha Saikolojia cha Marekani, APA, na vituo vyenye ithibati hiyo haviko Unguja wala Pemba. Ukija kufanya hapa utajifunza mengi, lakini chuo chako kinaweza kuukataa, na hata kikiukubali, siku utakayotaka leseni kule bodi ya jimbo itakusumbua. Leo unasema hutaitaka leseni hiyo. Sawa, lakini usiufunge mlango kwa mkono wako mwenyewe. Njoo nyumbani wakati wa kukusanya data ya utafiti, au baada ya shahada, ukae wodi ya watoto Mnazi Mmoja au Abdulla Mzee kule Mkoani. Milango hiyo iko wazi zaidi kuliko unavyodhani, ukiwahi kuomba vibali.

Sasa kuhusu kuchagua. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Vituo vinavyosema vinafundisha saikolojia ya watoto si vya aina moja. Kuna vinavyoshughulika na wasiwasi, huzuni, utundu wa kupindukia na usonji, mtoto akiletwa kliniki na kurudi kwao. Na kuna vya watoto wagonjwa: kisukari, selimundu, saratani, majeraha ya moto, kifafa. Ndani ya APA kila upande una kitengo chake, cha 53 kwa ule wa kwanza na cha 54 kwa huu wa pili. Wewe umeshasema unautaka wa pili, basi angalia ratiba ya kituo, usiangalie jina lake. Utakuwa wodini siku ngapi kwa wiki? Madaktari wa watoto wakiwa na tatizo wanakuita wewe, au wanamwita msimamizi wako nawe unafuata nyuma ukibeba daftari?

Nikueleze kwa nini nalisisitiza hili. Mtoto wa miaka saba amegunduliwa ana kisukari, anatakiwa achomwe insulini kila siku. Amejikunja mapajani mwa mama yake, anapiga kelele, na mama kwa kuchoka anamwambia, "Tulia, ama daktari atakuchoma nyengine kubwa!" Umeyasikia maneno haya tangu utotoni. Kazi yako pale inaanza kwa mama. Umkalishe mtoto wima, amwegemee mama kifuani, asilazwe kitandani na kukandamizwa na watu watatu. Umwambie ukweli kuwa itauma kidogo na itakwisha. Umpe kitu cha kupuliza. Umwombe muuguzi asubiri dakika mbili, na muuguzi ana wagonjwa wengine thelathini wanaomngoja. Haya yote yameandikwa vitabuni. Kuyafanya katika chumba chenye kelele, bila kumuaibisha mama wala kumuudhi muuguzi, ni kitu unachokipata kwa kurudia huku mtu anakutazama.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwenye mahojiano lingekuwa: msimamizi wangu ataniona nikifanya kazi, au atanisikiliza nikimhadithia? Vigezo vya APA vinataka mtarajali wa muda wote apate usimamizi wa saa nne kwa wiki, na mbili kati yake ziwe za ana kwa ana na msimamizi wake. Vinataka pia akitathminiwa, msimamizi awe amemuona kwa macho yake kazini. Kituo kizuri hufanya zaidi ya hapo. Kinachotimiza kiwango cha chini kwa shingo upande utakijua kwa jinsi wanavyojibu.

Swali la pili waulize ni familia gani wanazihudumia. Wewe utarudi kukutana na bibi ambaye mjukuu wake ana degedege za mara kwa mara, ameshampeleka kwa shekhe, ameshamnywesha kombe, na hajaelewa kwa nini apewe dawa ya kifafa kila siku wakati leo mtoto mzima. Ukimbeza bibi huyo, dawa haitanywewa. Ukimsikiliza, ukamheshimu, ukamwomba kombe na dawa viende pamoja na dawa isikatishwe hata siku moja, una nafasi. Ustadi huu unafundishika Marekani pia, pale penye familia za wahamiaji na wakalimani. Minneapolis na Columbus, Ohio, kuna jamii kubwa za Wasomali, na wakimbizi wengi wa Kongo waliopelekwa Marekani wanazungumza Kiswahili hiki hiki. Kituo kinachowaona watu hawa kitakufaa kuliko chenye jengo la kifahari.

Ukipata nafasi ya kufanya mradi mdogo ndani ya mwaka huo, uelekeze kwenye vipimo vya akili na ukuaji wa watoto. Alama ya mtoto wa Micheweni ikipimwa kwa viwango vilivyotokana na watoto wa Marekani haikwambii akili yake ikoje. Jirani zetu wameshaanza kazi hii: Kilifi kuna kipimo cha ukuaji wa watoto kilichotengenezwa pale pale, na Malawi wana cha kwao. Jifunze walivyovijenga, kwani huku utahitaji kufanya hivyo.

Kuhusu kompyuta, ondoa hofu. Maombi huenda zaidi mwezi wa Novemba, mahojiano Disemba na Januari, matokeo Februari, na waliokosa huwa na awamu ya pili Machi. Wewe unapanga vituo kwa unavyovipenda, navyo vinawapanga waombaji. Panga kwa ukweli wa moyo wako. Kukiweka juu kituo kigumu hakukupunguzii nafasi kwenye vya chini yake, kwa hiyo usianze na kile unachohisi kinakutaka. Ila usiweke kwenye orodha kituo usichoweza kukaa nacho, maana matokeo yanakufunga, wewe na wao. Vituo vya hospitali za maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, vipite tu, wanachukua raia wa Marekani peke yao.

Jambo la mwisho ni viza, na hili limewaumiza wanafunzi wengi wa nje. Kama uko kwa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, utarajali utaufanya kwa kibali cha mafunzo kinachoitwa CPT. Ukikitumia kwa kazi ya muda wote kwa miezi kumi na miwili kamili au zaidi, unapoteza haki ya OPT, yaani ile fursa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, kwa shahada hiyo. Na utarajali mwingi ni wa miezi kumi na miwili. Kuna vyuo hupanga tarehe zipungue siku moja, ukaokoka. Basi mara tu utakapopata kituo, kabla tarehe za kuanza na kumaliza hazijaandikwa popote, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako wakuhesabie siku hizo moja moja.