Wako nani? Maswali yenu kuhusu kufunga barua

Maswali ya ngeli nimeyaweka kando juma hili. Mkoba umejaa jambo moja: barua imekwisha kuandikwa, je, ifungwe vipi? Nimechagua haya.

Naomba kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nimalizie "Wako mtiifu" au "Wako mwaminifu"? (Kijana, Likoni)

Swali hili hunijia kila mwezi, na kila mwezi jibu ni lile lile: yote mawili yanakubalika, mimi nachagua mwaminifu. Mtiifu ni mwenye kutii, na hutii ila aliye na amri juu yako. Kampuni hiyo haijakuajiri. Waingereza zamani walifunga barua zao za serikali kwa kujiita watumishi watiifu wa waliyemwandikia. Wenyewe wameshaacha; sisi bado twaung'ang'ania utiifu huo.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Umeniletea barua yenyewe, nami nimeisoma yote. Umeandika "mtifu", na neno lina i mbili. Umeweka nukta mahali pa koma. Na sahihi hukutia kabisa. Mwajiri ataona hayo kabla hajafungua vyeti vyako.

Baruapepe zangu zote za kazini humalizika kwa "Wako," kisha jina langu. Mteja mmoja ameanza kunijibu kwa maneno ya mapenzi. Nimekosea wapi? (Karani wa kike, Mwembe Tayari)

Dadangu, kosa la mteja ni la mteja. Mjibu mara moja tu, kwa barua kavu inayozungumzia mzigo wake peke yake, na nakala impate mkubwa wako.

Ama neno lenyewe, hapo nina la kusema. Kwa Kiingereza wao huandika neno lenye maana ya "wako" peke yake mwisho wa barua na hakuna anayeshtuka. Kiswahili hakiko hivyo. Kwetu "wako" likisimama pweke huwa ni la wapenzi: wako wa moyo, wako wa ubani. Kwa mtu mwingine yeyote lataka mwenzake. Wako nani? Mwaminifu? Mjukuu? Mwanafunzi? Msomaji anangoja uliseme.

Nina sanduku la barua ambazo nyanya yangu alimwandikia mamangu kutoka Lamu. Ni karatasi za daftari, wino wa buluu, hati za Kiarabu. Maneno yalipomjaa aligeuza karatasi akaendelea ubavuni, mistari ikapanda juu kama ngazi. Lakini pembe ya chini kushoto hakuijaza kamwe. Hapo ndipo alipoandika, barua baada ya barua: "Wasalaam. Ni mimi mamako." Jina lake halimo hata katika moja. Mamangu hakulihitaji, alichohitaji kujua ni nani wake aliyekuwa akisema naye.

Kwa hiyo mwandikie babako "Mwanao", mwalimu wako "Mwanafunzi wako", na mteja usiyemjua "Wako mwaminifu", kisha jina kamili na cheo chako chini yake. Mkishaandikiana mara tatu nne, "Wasalaam" au "Ahsante" yatosha. Na usijipe "Bi." mbele ya jina lako mwenyewe. Ikiwa jina lako ni la kike na kiume, kama Amani, andika "(Bi.)" baada ya jina ili akujibuye asibahatishe.

Mimi ni Mkristo. Naruhusiwa kuandika "Wasalaam"? (Changamwe)

Ndiyo. Hilo ni "salamu" lile lile utumialo kila siku. Barua za Kiswahili kongwe kabisa tuzijuazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Lugha iliyozoea barua kwa muda wote huo ina maneno yake ya kuzifunga, na ni ya kila anayeiandika. "Wabillahi taufiq" ni jambo jingine: hiyo ni dua ya Kiislamu, na asiyejua maana yake asiitie kama pambo. Na nyote, Waislamu kwa Wakristo, acheni "Wslm". Mtu unamtakia amani. Mwandikie neno zima.

Kompyuta imenitafsiria mwisho wa barua ya Kiingereza kuwa "Salamu za joto". Ni sawa?

Hapana. Andika "Salamu nyingi". Kisha ufute barua yote uiandike upya kwa Kiswahili, maana najua iliyobaki nayo imetoka huko huko.

Sisi wakaazi tunaiandikia serikali ya kaunti kuhusu mtaro uliofurika maji machafu. Tumeambiwa barua iwe ya Kiingereza na imalizike kwa unyenyekevu. Tuandike "Wenu" au "Wako"? (Majengo)

Nianze na aliyewaambia. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema lugha rasmi za Kenya ni Kiswahili na Kiingereza. Andikeni Kiswahili, na asiwarudishe mtu mlangoni.

Mkimwandikia afisa mmoja, mko wengi nyinyi na yeye ni mmoja: "Wako waaminifu". Mkiiandikia kamati: "Wenu waaminifu". Chini yake majina, sahihi, na namba ya simu ya mmoja wenu.

Unyenyekevu wa kupiga magoti siutaki katika barua ya mtaro. Sentensi ya mwisho kabla ya kufunga ndiyo yenye kazi, na wengi huipoteza kwa "tutashukuru sana mkituangalia kwa jicho la huruma". Semeni mnachotaka na lini: mtaro uzibuliwe, jibu la maandishi lije kabla ya tarehe fulani. Heshima itabaki pale pale.

Na pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokewa mrudi nayo. Mimi niliwahi kuacha barua katika ofisi moja bila nakala. Miezi miwili baadaye wakaniambia haikufika, nami sikuwa na cha kuwaonyesha.

Baruapepe yangu hujiongezea yenyewe "Uwe na siku njema". Nimemtumia rambirambi mwalimu wangu aliyefiwa na mumewe, nayo ikaenda na maneno hayo. Nifanye nini?

Mpigie simu leo. Usimweleze habari za kompyuta. Mpe pole kwa sauti yako, na ukiweza nenda matangani. Kisha uyaondoe maneno hayo kwenye mipangilio. Barua ya msiba hufungwa na dua kwa marehemu, "Mola amrehemu", au na kuwa karibu na wafiwa, "Tuko pamoja nanyi", halafu jina lako. Cheo na nembo ya kampuni havina nafasi hapo.

Na WhatsApp?

Usifunge na chochote. Jina lako liko juu.

Bosi yuko safarini, ameniambia niige sahihi yake kwenye barua ya benki.

Usiige. Kughushi sahihi ni jinai, na atakayeitwa ni wewe. Andika "k.n.y.", yaani kwa niaba ya, mbele ya jina lake, tia sahihi yako, na jina lako lisomeke. Maagizo yake akutumie kwa maandishi kwanza.

Naacha kazi kwa wema baada ya miaka mingi. Nimalizie "Buriani"? (Mama, Kizingo)

La, mama. Buriani ni ya wanaoombana radhi wasitarajie kuonana tena, na Mombasa yetu ni ndogo, mtakutana sokoni Marikiti. Washukuru kwa sentensi moja, kisha "Wenu mwaminifu" kama ulivyokuwa miaka yote hiyo. Jioni ya mwisho ukifika getini, mwambie mlinzi "Alamsiki". Atakujibu "Binuru".