Elki mwishoni mwa Novemba: panda, lakini si peke yako

Ndugu, umeuliza kama mwishoni mwa Novemba, ukienda kuwinda elki (aina ya kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini), uwafuate juu kwenye milima ya San Juan, Colorado, Marekani, au uwasubiri bondeni. Majike na ndama hushuka theluji ikizidi. Madume wakubwa, waliochoka baada ya msimu wa kupandana, mara nyingi hubaki juu, wachache wachache. Tafuta miteremko inayotazama kusini: jua huyeyusha theluji na majani hujitokeza. Keti ng'ambo ya bonde na darubini kunapopambazuka, kabla hujamaliza nguvu kwa kutembea. Jua likishika, hewa hupanda mlima, jioni hushuka. Jipange harufu yako isiwafikie.

Kinachonitia wasiwasi ni umbali. Dume aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 300. Ukimwangusha kilomita 8 kutoka garini, nyama utaibeba kwa safari kadhaa, gizani, thelujini. Usiende peke yako, tafadhali. Vaa sufu, maana pamba ikilowa hukuongezea baridi. Beba kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti, mwachie mtu ramani yako, na theluji nzito ikitabiriwa, shuka siku hiyo hiyo hata kama hujafyatua risasi.