Nchi isiyo na watu: nyika, pori, jangwa au mahame?

Msomaji anaandika stori ya fantasia, dunia kaitunga mwenyewe na ramani kaichora mwenyewe, kusini kajaza falme na bandari lakini kaskazini kote hakuna mtu hata mmoja. Hapo kwenye uwazi kaandika "Ardhi Zisizo Kaliwa" na anasema haimkai, inasomeka kama ripoti ya wizara. Anauliza aweke nini, nyika, pori, mbuga, jangwa, maana yeye anaona yote yanasema kitu kimoja.

Hayasemi kitu kimoja hata kidogo ndugu yangu. Shida ni kwamba karibu kila neno hapo lishajibu swali la kwa nini hakuna watu, kwa hiyo kabla hujachagua inabidi we mwenyewe uwe na jibu: hawajawahi kufika, walikuwepo wakaondoka, hapakaliki, au wanapaogopa tu.

Pori halifai kabisa kwa nchi ya mbali, kwa sababu pori lina mtu karibu. Ni mahali ambapo hapajalimwa, au palilimwa pakaachwa, hata shamba la jirani likikaa misimu kadhaa bila jembe tunasema limekuwa pori. Nyika ni kubwa zaidi, iko wazi, nyasi na vichaka, maji ya shida, na msomaji anategemea kuona wafugaji au wasafiri wanapita japo hawakai. Mbuga achana nayo, siku hizi ukiandika mbuga ya kaskazini watu wanaona pundamilia na gari la watalii. Msitu ni miti mikubwa tu, hausemi lolote kuhusu watu. Jangwa ndo linasema hapakaliki, ila linakuja na mchanga na joto, kama kaskazini yako ni ya baridi basi sema jangwa la barafu na wala hujakosea, Antaktika yenye kilomita za mraba kama milioni 14 inahesabiwa ni jangwa kwa sababu mvua na theluji inayodondoka kule ni kidogo mno. Na usichanganye, theluji ndo inayodondoka, barafu ni maji yaliyoganda.

Sasa kama watu walikuwepo wakaondoka, hapo una utajiri ambao naona waandishi wengi wa fantasia hawaugusi. Mahame, neno limetoka kwenye kuhama moja kwa moja, ni mahali palipohamwa. Ganjo, wingi maganjo, ni mji au makazi yaliyokufa, unakuta misingi na kuta. Tongo ni pale palipokuwa na nyumba au kijiji, hata kama kilichobaki ni mwembe tu uliopandwa na mtu. Gofu ni jengo lenyewe lililobomoka, ila tumia magofu kwa wingi tafadhali, maana "Gofu la Mfalme" kuna mtu atafikiri mfalme anacheza gofu. Mimi ningekuwa na ramani hiyo ningeandika Mahame ya Kaskazini na nisingeeleza kitu, msomaji ataanza kujiuliza mwenyewe walihamia wapi na walikimbia nini. Ukiwa nao ni neno zuri, nchi ya ukiwa inauma, ila usiliweke mwanzoni mwa jina, "Ukiwa wa Kaskazini" jicho linasoma kama unataka kusema mtu akiwa kaskazini afanye nini.

Turudi kwenye uliyoandika mwenyewe. Kwanza ardhi, hiyo ni udongo na viwanja, ina hati na migogoro, sehemu ya dunia tunaita nchi na hiyo nchi si lazima iwe na serikali, tunasema nchi kavu na hakuna anayeuliza rais wake nani. Pili, zisizokaliwa ni neno moja. Kitenzi kikifuata unaunganisha, zisizokaliwa, visivyofikika, lisilolimika, lakini ikifuata na unaachanisha, zisizo na watu, visivyo na maji. Hili kosa liko kila mahali, sio wewe peke yako.

Ila kwa jina la kwenye ramani mimi nisingetumia nchi wala ardhi, ningetumia mahali penyewe, yaani ku, pa na mu. Kusikofika mtu ni huko kote, eneo pana lisilo na mpaka unaoonekana. Msimofika mtu ni ndani, inafaa msitu au pango. Pasipofika mtu ni sehemu moja mahususi, kilele au kisiwa, ila hiyo pa ina mtego kwa sababu -sipo- ndo hiyohiyo ya "mvua isiponyesha", mtu akiona "Pasipokaliwa" peke yake juu ya ramani anasubiri umalizie, pasipokaliwa kutatokea nini? Kusiko- haina tatizo hilo. Kusikokaliwa, Kusikoendeka, na kama unataka kutisha kidogo, Wasikorudi.

Usichanganye kusikokaliwa na kusikojulikana lakini. Kusikojulikana ni ujinga wa aliyechora. Mwaka 1798 James Rennell alichora Milima ya Kong ikikatiza Afrika Magharibi, ikakaa kwenye ramani za Ulaya karibu miaka mia, mpaka Mfaransa Binger alipopita huko kati ya 1887 na 1889 akakuta safu ya milima hakuna, na mji wa Kong upo na watu wake na biashara zao, muda wote huo wao walikuwa wanajua walipo. Kwa hiyo kama ramani yako imechorwa na mtu wa ndani ya stori, mfalme wa kusini tuseme, Kusikojulikana inakupa nafasi ya kuleta wenyeji baadaye bila kumdanganya msomaji.

Halafu kitu ambacho hukuuliza ila nimekiona kwenye orodha yako ya majina, nchi tupu umeiita Umorwe. Hiyo U- ya mwanzo kwa sikio letu ni nchi ya watu fulani, Ureno Wareno, Ugogo Wagogo, Unyamwezi Wanyamwezi, msomaji akiona Umorwe atawatafuta Wamorwe mpaka ukurasa wa mwisho. Ujinini hivyohivyo, hakuna binadamu sawa ila wenyewe wapo. Toa hiyo U-, iite Morwe tu au Nyika ya Morwe.

Na "Mwisho wa Dunia" pale juu kabisa kwenye kona badilisha pia, hiyo kwetu ni siku, parapanda inalia, we unachotaka ni Ukingo wa Dunia.