Maswali ya Wasomaji: Plagi Inayorudi Kuwa Nyeusi

Pikipiki yangu ya 125 yenye kabureta inamisi asubuhi na inakosa nguvu mlimani. Nikitoa plagi nakuta masizi meusi makavu. Naisugua kwa msasa, inatulia siku chache, kisha yale yale. Ninunue plagi ya aina gani?

Usinunue kwanza, na huo msasa uweke mbali. Punje zake hunasa kati ya kauri na chuma, halafu huangukia ndani ya silinda. Tena kauri iliyokwaruzwa hushika masizi upesi zaidi. Brashi ya waya nayo haifai: huacha michirizi ya chuma juu ya kauri, umeme ukapita humo badala ya kuruka mwanya, ile nafasi kati ya ncha ya katikati na mguu wa pembeni. Loweka ncha kwa petroli safi, sugua kwa brashi ngumu ya nailoni, kausha kabisa.

Lakini kabla ya kusafisha, itazame. Masizi makavu maana yake petroli imezidi hewa. Anza na chujio la hewa, maana mara nyingi ndilo lililoziba. Kisha hakikisha choki inarudi yote, na kwamba floti ya kabureta haivujishi. Kama safari zako ni za dakika mbili tatu tu, hilo nalo ni sababu: ncha ya plagi inahitaji kufika karibu nyuzijoto 450 za Selsiasi ndipo iunguze masizi yake yenyewe.

Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu. Ikilowa oili, tafuta ringi za pistoni au sili za valvu. Plagi mpya haitakusaidia kitu. Ikilowa petroli, ama cheche haipo ama injini imefurika. Ya kuogopa ni nyeupe yenye vipele: injini inaungua mno, pengine jeti, kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, imeziba au hewa inapenya kwenye maungio ya kabureta. Hapo usiendelee kuendesha, pistoni inaweza kutoboka.

Mwanya unapaswa kuwa kiasi gani, na unapimwaje?

Pikipiki nyingi ndogo hutumia milimita 0.6 hadi 0.7, nyingine 0.8 hadi 0.9. Kitabu cha pikipiki yako ndicho mwamuzi. Pitisha fila geji, yaani kibamba chembamba cha kupimia mwanya. Ipite kwa kukwaruza kidogo. Kurekebisha, pinda mguu wa pembeni peke yake, usibane wala kusukuma ncha ya katikati. Mwanya ukipanuka, koili hulazimika kutoa volti nyingi zaidi, na kofia ya plagi yenye ufa hapo ndipo huanza kuvujisha umeme, hasa siku ya mvua. Kingo za ncha zikishakuwa mviringo, kuzipanga upya ni kupoteza muda. Badilisha. Plagi za kawaida zikaguliwe kila kilomita 3,000 hadi 4,000. Za iridiamu zisipigwe brashi kabisa.

Nimefungiwa NGK D7EA badala ya D8EA. Imeingia vizuri. Kuna ubaya?

Kuingia si hoja. D ni kipenyo cha uzi, milimita 12, E ni urefu wa uzi, milimita 19, hizo zinafanana. Namba ndiyo joto, na kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka. Kwa hiyo 7 ina joto kuliko 8, na kwa pikipiki inayobeba mzigo juani hilo si jambo la kupuuza. Rudisha 8. Angalizo: Bosch huhesabu kinyume, kwa hiyo msilinganishe namba za kampuni mbili kwa macho.

Fundi hukaza plagi hadi spana inalia. Ni sawa?

Si sawa. Hedi ni ya alumini, na nyuzi zake hufa kabla ya zile za plagi. Ifungue injini ikiwa imepoa, na upulize mchanga ulio kuzunguka shimo kabla haujadondoka ndani. Rudisha kwa vidole mpaka iketi. Ikigoma njiani, itoe uanze upya, usiite spana. Plagi mpya yenye washa (ile pete ya chuma chini ya nati yake) huongezwa nusu mzunguko. Iliyokwisha kutumika huongezwa kidogo sana, kama mkono wa saa kutoka 12 hadi 1, kwa kuwa washa imeshabonyea. Kwa spana ya kipimo, uzi wa milimita 12 ni Nm (nyutonimita) 15 hadi 20. Wa milimita 10 ni Nm 10 hadi 12. Usipake grisi: uzi ukiteleza, unakaza kupita kiasi bila kujua. Kulegea nako kuna hasara, joto la plagi hukosa pa kutokea.

Cheche inaonekana nikiipima nje, ila injini haiwaki.

Nje hakuna mgandamizo. Cheche dhaifu huruka hewani na kuzimika ndani ya silinda. Jaribu plagi mpya, kisha kata milimita 5 za ncha ya waya na ufunge kofia upya. Unapopima, chuma cha plagi kiguse injini barabara, mbali na shimo lenye mvuke wa petroli; kupiga kiki waya ukining'inia bila kugusa kunaweza kuua CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche.