Dada wa kulea mtoto wikiendi: maswali yenu wiki hii

Dada anayelala hapa kwangu namlipa 150,000 kwa mwezi. Wa Jumamosi na Jumapili tu, nigawe hiyo kwa siku? (Muuguzi, Temeke)

Usigawe. Anayelala kwako anapata chakula na chumba. Wa siku mbili anajilipia pango na kujikimu siku tano zilizobaki. Patana naye kwa siku, kisha hesabu saa. Tuseme mmekubaliana 15,000 kwa saa 9, ambazo ndizo saa za kawaida za siku kwa sheria ya ajira ya Tanzania Bara. Zamu yako inakutoa nyumbani saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni, yaani saa 12, na hapo ndipo mwisho. Sheria hairuhusu zaidi kwa siku. Saa 3 za ziada zinalipwa mara moja na nusu: 1,667 kwa saa inakuwa 2,500, mara tatu ni 7,500. Jumla 22,500, na nauli juu yake.

Wengi hupenda kumkata saa moja ya chakula. Haikatwi kwake: aliyebaki peke yake na mtoto hajapumzika, anakula huku anamwangalia, na mapumziko ambayo mtu anatakiwa awepo kazini hulipwa.

Kwa nini nisimwombe dada wa siku zote abaki na Jumapili?

Mwombe, ila ujue gharama. Ana haki ya kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki, na akikubali kufanya kazi ndani ya saa hizo, kila saa ni malipo maradufu. Kwa siku moja ya dharura sawa. Ukiifanya desturi, mwezi wa pili atakuaga anakwenda kumwona mama kijijini, na hatarudi.

Nataka kumchukua msaidizi wa kituo anakolelewa mtoto. Vibaya?

Ni chaguo zuri kuliko yote, kwa sababu mtoto anamfahamu. Mpe siku moja tu, Jumamosi au Jumapili. Akifanya kituoni Jumatatu hadi Ijumaa halafu kwako siku zote mbili, hana mapumziko, na usingizi utamkamata yeye, huku mtoto akiwa karibu na ndoo ya maji.

Mtoto wangu wa miezi 14 analia Jumamosi nzima. Nibadilishe dada?

Bado. Umri huo woga wa wageni ni wa kawaida, na siku tano bila kumwona ni nyingi kwake. Dada aje mara mbili, saa mbili mbili, wewe ukiwepo. Mara ya tatu toka nusu saa. Halafu nusu siku. Saa hizo zote zilipe. Na acha kutoroka kwa mlango wa nyuma. Muage, hata akilia. Ukitoroka, wiki ijayo atakung'ang'ania tangu dada anapobisha hodi.

Tukabidhiane nini asubuhi?

Karatasi kwenye friji: amekula nini na saa ngapi, ameamka saa ngapi, amepata choo, na dawa. Hasa dawa. Kosa la wikiendi ni hili: mama amempa parasetamo saa 11 alfajiri, hakusema, saa 2 dada anamgusa mtoto, bado wa moto, anampa tena. Kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4, na zisizidi nne kwa saa 24. Andika saa na mililita, na umwachie kipimo kilichokuja na chupa. Vijiko vya chai havilingani. Maziwa uliyokamua yakikaa nje ya friji, yasizidi muda wa saa 4, na yaliyobaki baada ya mtoto kunyonya yamwagwe ndani ya saa 2.

Chini ya karatasi weka namba yako, ya jirani mwenye gari, na ya mapokezi ya wodi yako, maana simu yako ukiwa zamu iko kabatini.