Maswali na Majibu: Ed Delahanty, Gongo na Daraja

Wasomaji wametuletea maswali kuhusu Ed Delahanty, nyota wa besiboli wa Marekani aliyefariki mwaka 1903.

Je, alikuwa hodari kweli, au ni kifo chake kilichomkuza?

Alikuwa hodari kweli. Alizaliwa Cleveland mwaka 1867 na wazazi waliohamia kutoka Ireland, akaichezea Philadelphia kwa sehemu kubwa ya ujana wake. Katika misimu ya 1894, 1895 na 1899 alifaulu kupiga zaidi ya mara nne katika kila majaribio kumi, ilhali anayefikisha tatu huhesabiwa mpigaji mzuri. Tarehe 13 Julai 1896, mjini Chicago, aliupiga mpira mara nne akazunguka vituo vyote kila mara, na bado timu yake ikashindwa kwa pointi 9 kwa 8.

Ni kweli ndugu zake nao walicheza?

Ni kweli. Wadogo zake wanne, Tom, Jim, Frank na Joe, wote walifika ligi kuu.

Ilikuwaje mchezaji ghali kama yeye akaandamwa na madeni?

Pombe na kamari ya farasi zilichangia, lakini wengi hukomea hapo mapema mno. Kwa miaka mingi mikataba ilimfunga mchezaji kwa timu moja, huku wenye timu wakikubaliana kikomo cha mshahara cha dola 2,400 kwa msimu. Ligi mpya ilipozuka kushindana na ile kongwe, Delahanty alihamia Washington, timu ya ligi hiyo mpya, mwaka 1902, kisha New York Giants wa ligi kongwe wakamshawishi kwa malipo ya awali ya dola 4,000. Mwanzoni mwa 1903 ligi hizo mbili zikapatana, naye akatakiwa abaki Washington na kuzirudisha fedha ambazo hakuwa nazo tena.

Nini hasa kilitokea usiku ule?

Tarehe 2 Julai 1903 aliitoroka timu yake mjini Detroit, akapanda treni ya Michigan Central iliyokuwa ikielekea New York kupitia Kanada. Humo alikunywa wiski glasi tano, akavunja kioo na kuwatishia abiria kwa wembe, hadi kondakta akamshusha Bridgeburg, ukingoni mwa Mto Niagara upande wa Kanada. Treni iliondoka na mizigo yake. Akatembea gizani kwenye daraja la reli, akakutana na mlinzi wa usiku, Sam Kingston, aliyemmulika kwa taa; wakazozana, na muda mfupi baadaye Delahanty akaanguka mtoni. Mwili wake ulipatikana wiki moja baadaye, chini ya Maporomoko ya Niagara.

Alisukumwa?

Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Maelezo ya Kingston hayakuwa thabiti, na hapo ndipo uvumi ulipozaliwa, ingawa mlevi aliye juu ya daraja la reli usiku hahitaji mkono wa mtu ili aanguke. Kwangu swali zito zaidi linamhusu kondakta, kwani alimwacha mtu wa hali ile peke yake karibu na mto. Mjane wa Delahanty aliishtaki kampuni ya reli kwa hoja hiyo, naye akashinda dola 5,000, zilizogawanywa kati yake na binti yao.